Miundo ya DNA yenye nyuzi nne

Miundo ya DNA yenye nyuzi nne ni mikunjo ya molekuli ya DNA inayotokea pale ambapo vipande vinne vya uzi wa DNA hukaa pamoja na kushikana, badala ya nyuzi mbili kusokotana kwa umbo lililozoeleka. Aina mbili zilizochunguzwa zaidi ni kwadrupleksi ya guanini, ambayo hufupishwa G4, na i-motifu. Zote mbili zilijulikana kwanza kutokana na majaribio ya maabara, na kwa miaka mingi wataalamu wengi walidhani kwamba hazina nafasi ndani ya seli hai. Leo inakubalika kwa upana kwamba G4 zimo katika jenomu ya binadamu. Kuhusu i-motifu mabishano bado yanaendelea.

Maneno "nyuzi nne" yanahitaji kueleweka vizuri, maana hapa ndipo wanafunzi wengi hukwama. Si lazima ziwe molekuli nne tofauti. Mtu akichukua kamba moja na kuikunja mara tatu atapata vipande vinne vinavyolala bega kwa bega, ingawa kamba ni ileile moja. Katika seli za binadamu mikunjo mingi inayozungumziwa ni ya namna hiyo: uzi mmoja ulioachana na mwenzake kwa muda ukajikunja wenyewe.

Umbo la kawaida

DNA imeundwa kwa nyuzi ndefu zenye besi za aina nne: adenini (A), guanini (G), sitosini (C) na timini (T). Katika umbo la kawaida nyuzi mbili husokotana, A ya upande mmoja ikishikana na T ya upande wa pili kwa bondi mbili za hidrojeni, na G ikishikana na C kwa bondi tatu. Umbo hilo lilielezwa na James Watson na Francis Crick katika jarida la Nature mwezi Aprili 1953. Walitegemea kwa sehemu kubwa picha za eksirei zilizopigwa na Rosalind Franklin na Raymond Gosling wa King's College London. Msokoto huo, unaoitwa B-DNA, huelekea kulia, una upana wa nanomita 2 hivi, na kila mzunguko wake una jozi 10 na nusu za besi.

Mchoro wa vitabuni huwafanya wasomaji waione DNA kama ngazi ya chuma isiyobadilika. Kwa kweli ni kitu kinachofunguka na kufungika mchana kutwa. Kila jeni inaposomwa, na kila seli inapojiandaa kugawanyika, nyuzi mbili hulazimika kuachana. Uzi uliobaki peke yake, hata kwa muda mfupi sana, uko huru kushikana na sehemu zake wenyewe.

Tena, besi haina upande mmoja tu wa kushikia. Mwaka 1963 Karst Hoogsteen alionyesha kwa kuchunguza fuwele kwamba adenini na timini zinaweza kuungana kwa kutumia upande tofauti na ule wa Watson na Crick. Guanini nayo ina upande huo wa pili, unaoitwa upande wa Hoogsteen hadi leo, na bila huo kusingekuwa na G4.

Kwadrupleksi ya guanini

Historia yake inaanza kabla hata ya kujulikana kwamba DNA ndiyo inayobeba urithi. Mwaka 1910 Ivar Bang aliripoti kwamba asidi ya guanili, ikiwa nzito ndani ya maji, hugeuka kuwa kitu cha kuteleza kama ute au jeli. Sababu haikujulikana kwa zaidi ya miaka 50. Mwaka 1962 Martin Gellert, Marie Lipsett na David Davies, waliofanya kazi Marekani, walitumia eksirei na kuonyesha kwamba ndani ya jeli ile guanini nne hujipanga katika mraba bapa. Kila guanini hushikana na jirani zake wawili, mmoja kwa upande wa Watson na Crick, mwingine kwa upande wa Hoogsteen, hivyo mraba mzima una bondi nane za hidrojeni. Mraba huo huitwa tetradi ya guanini.

Tetradi moja peke yake haina nguvu. Ila tetradi mbili, tatu au zaidi zikipangwa moja juu ya nyingine, kama chapati kwenye sahani, huwa mnara imara. Katikati ya mnara kuna mfereji ambamo atomi za oksijeni za guanini huelekeza chaji hasi. Zisingevumiliana bila kitu cha kuzituliza, na kitu hicho ni ayoni yenye chaji chanya. Potasiamu ndiyo inayofaa kuliko zote: ukubwa wake unairuhusu kukaa kati ya tetradi mbili na kushikwa na atomi nane za oksijeni kwa pamoja. Sodiamu hufaa kidogo, lithiamu karibu haifai kabisa. Jambo hili si dogo, kwa kuwa ndani ya seli zetu potasiamu ni nyingi kuliko sodiamu kwa zaidi ya mara kumi. Kwa upande wa madini, basi, mazingira ya seli ni rafiki wa G4.

Ili uzi mmoja uweze kujikunja hivyo, unahitaji kuwa na vikundi vinne vya guanini zilizofuatana, kwa kawaida tatu au zaidi katika kila kikundi, vikitenganishwa na besi chache za aina yoyote. Watafiti wengi hutumia kanuni ya besi 1 hadi 7 kati ya kikundi na kikundi. Besi hizo za katikati huwa vitanzi vinavyopita pembeni ya mnara. Vitanzi vinaweza kupita juu, kando au kwa mshazari, na vipande vinne vinaweza kuelekea upande mmoja au pande zinazopingana. Kwa hiyo G4 si umbo moja bali ni ukoo wa maumbo.

Telomeri

Mahali pa kwanza palipowafanya wanabiolojia waichukulie G4 kwa uzito ni ncha za kromosomu. Kila kromosomu ya binadamu humalizikia kwa maneno yaleyale sita, TTAGGG, yanayorudiwa mara nyingi mno, kwa jumla ya maelfu kadhaa ya besi. Sehemu hiyo huitwa telomeri. Mwishoni kabisa uzi wenye guanini humzidi mwenzake kwa besi kadhaa hadi mamia, ukining'inia peke yake. Vikundi vya GGG vilivyotenganishwa na TTA ndivyo hasa vinavyotakiwa kwa G4.

Marudio ya namna hii yaligunduliwa kwanza katika Tetrahymena, kiumbe cha seli moja kinachoishi kwenye maji baridi, na Elizabeth Blackburn na Joseph Gall mwaka 1978. Blackburn pamoja na Carol Greider baadaye waligundua telomerasi, kimeng'enya kinachorefusha telomeri, na walipewa Tuzo ya Nobel ya tiba mwaka 2009 pamoja na Jack Szostak. Katika miaka ya 1988 na 1989 makundi mbalimbali ya watafiti, miongoni mwao Dipankar Sen na Walter Gilbert, na vilevile Wesley Sundquist na Aaron Klug, yalionyesha kwamba DNA yenye guanini nyingi, ikiwemo ile ya telomeri, hujikunja kuwa na nyuzi nne katika maabara. Mwaka 2002 Gary Parkinson, Michael Lee na Stephen Neidle wa London walichapisha umbo la fuwele la G4 ya telomeri ya binadamu ikiwa na potasiamu: vipande vinne vyote vikielekea upande mmoja na vitanzi vya TTA vikichomoza nje kama mapangaboi ya feni.

Uzi uliokunjwa hivyo hauwezi kushikwa vizuri na telomerasi. Seli nyingi za mwili wa mtu mzima hazina telomerasi ya kutosha, na telomeri zao hufupika kadiri zinavyogawanyika. Seli nyingi za saratani huiwasha upya, na hapo ndipo wazo la kutengeneza dawa za kuikaza G4 lilipozaliwa.

I-motifu

Mahali palipo na G nyingi kwenye uzi mmoja, uzi wa pili lazima uwe na C nyingi. Swali la kawaida ni hili: G zikijikunja upande wao, C zinafanya nini? Jibu lilipatikana Ufaransa mwaka 1993, ambapo Kalle Gehring, Jean-Louis Leroy na Maurice Guéron walieleza katika Nature umbo ambalo halikufanana na lolote lililojulikana.

Katika i-motifu sitosini hushikana na sitosini. Kwa kawaida hilo haliwezekani vizuri, lakini moja ya sitosini ikichukua protoni ya ziada, jozi hupata bondi tatu za hidrojeni na kuwa imara. Jozi hizo huunda misokoto miwili yenye nyuzi mbili mbili, kisha misokoto hiyo huingiliana, jozi ya huku ikifuatwa na jozi ya kule, kama vidole vya mikono miwili vilivyofumbatana. Herufi "i" inatokana na kuingiliana huko. Sifa hii ya jozi kupishana haijulikani katika umbo jingine lolote la DNA.

Tatizo ni ile protoni. Protoni hupatikana kwa wingi katika mazingira ya asidi, na katika majaribio ya mwanzo i-motifu ilikuwa imara kwenye pH ya 4 hadi 6 hivi. Kiini cha seli kina pH ya zaidi kidogo ya 7. Kwa sababu hiyo wengi waliiweka i-motifu katika kabati la vitu vya kupendeza visivyo na kazi. Baadaye ilionekana kwamba baadhi ya mifuatano, hasa yenye C nyingi zilizofuatana, huweza kujikunja hata karibu na pH 7, na kwamba msongamano wa molekuli na mvutano unaotokea DNA inapofunguliwa husaidia pia.

Je, zimo ndani ya seli hai?

Kuonyesha kwamba kipande cha DNA hujikunja ndani ya mrija ni kazi ya siku chache. Kuonyesha kwamba hicho hicho hutokea ndani ya kiini cha seli, penye protini nyingi zilizoikalia DNA, kumechukua miongo.

Hatua ya kwanza ilifanyika mwaka 2001, pale ambapo kundi la Andreas Plückthun wa Zürich lilitumia kingamwili zilizotengenezwa kuitambua G4 na kuziona zikishika kwenye kiini kikubwa cha Stylonychia, kiumbe cha seli moja chenye telomeri nyingi ajabu. Kwa binadamu ushahidi ulikuja mwaka 2013. Giulia Biffi, David Tannahill, John McCafferty na Shankar Balasubramanian wa Cambridge walitengeneza kingamwili iitwayo BG4. Chini ya hadubini ilionekana kama nukta ndogo za mwanga ndani ya viini vya seli za binadamu, baadhi zikiwa kwenye ncha za kromosomu lakini nyingi zikiwa kwingineko. Nukta ziliongezeka wakati seli inanakili DNA yake, na ziliongezeka tena seli zilipopewa kemikali inayoikaza G4. Mambo hayo mawili yalikuwa na uzito kuliko picha zenyewe, kwa sababu yanaendana na vile G4 inavyotarajiwa kutenda.

Hata hivyo kingamwili ina pingamizi la kudumu. Seli zinazotazamwa kwa njia hiyo huwa zimeuawa na kukaushwa kwa kemikali kwanza, na kingamwili yenyewe inaweza kusababisha mkunjo ambao haukuwepo, kama mtu anayepima moto wa jiko kwa kuupuliza. Ndiyo maana kazi iliyochapishwa mwaka 2020 na Marco Di Antonio na wenzake ilipokelewa vizuri: walitumia molekuli ndogo yenye kung'aa, kwa kiasi kidogo mno kisichoweza kubadili hali, wakaona G4 moja moja zikijikunja na kukunjuka katika seli zilizo hai.

Kwa i-motifu hadithi haijatulia hivyo. Mwaka 2018 Mahdi Zeraati, Marcel Dinger, Daniel Christ na wenzao wa Taasisi ya Garvan mjini Sydney, Australia, walitangaza kingamwili yao, iMab, na kuonyesha nukta za kijani katika viini vya seli za binadamu. Nukta zilionekana na kutoweka, zikiwa nyingi zaidi kuelekea mwisho wa kipindi ambacho seli hukua kabla ya kuanza kunakili DNA, na zilibadilika kulingana na pH. Habari hizo zilienea duniani kote kama "DNA mpya ndani yetu", jambo lililokuwa na chumvi kidogo, kwani umbo lenyewe lilikuwa limejulikana kwa miaka 25. Mwaka 2020 kundi la Australia likishirikiana na Zoë Waller wa Uingereza liliripoti kwamba G4 na i-motifu hutegemeana: kemikali inayokaza moja hupunguza nyingine, kana kwamba hazipendi kukaa mahali pamoja kwa wakati mmoja.

Kisha mwaka 2024 yakatokea mambo ya kupingana. Kundi la Garvan lilichapisha ramani ya i-motifu katika jenomu ya binadamu. Mwaka huohuo watafiti wengine waliripoti kwamba iMab hushika uzi wenye C nyingi hata ukiwa haujakunjwa, na kwamba inaweza kuikunjua i-motifu badala ya kuitambua. Kundi jingine, lililotumia usumaku wa viini vya atomi kuangalia DNA iliyoingizwa katika seli hai za binadamu, lilisema kwamba katika joto la mwili mifuatano mingi ya namna hiyo huwa imekunjuka, na i-motifu, kama zipo, ni chache sana. Kwa maoni ya mwandishi wa makala hii, msomaji afanye vizuri kutofautisha kauli mbili ambazo magazeti huzichanganya: kwamba mfuatano fulani wa jenomu unaweza kuwa i-motifu, na kwamba katika seli hai huwa i-motifu. Kauli ya kwanza imethibitika. Ya pili bado iko mahakamani.

Idadi katika jenomu ya binadamu

Tofauti hiyohiyo kati ya kuweza na kuwa inaonekana katika hesabu za G4. Mwaka 2005 makundi mawili ya Uingereza, moja la Julian Huppert na Balasubramanian, la pili la Alan Todd na Neidle, yalitumia kompyuta kutafuta mifuatano inayofaa katika jenomu ya binadamu, yenye jozi za besi zaidi kidogo ya bilioni 3. Yalipata zaidi ya 370,000. Mwaka 2015 kundi la Balasubramanian lilitumia mbinu ya kusoma DNA mara mbili, mara ya pili likiwa limeongeza kitu cha kuikaza G4, na kuandika kila mahali ambapo kimeng'enya cha kunakili kilikwama. Idadi ilipanda kufikia 716,310, kwa sababu mikunjo mingi haikufuata kanuni ya vikundi vinne vilivyonyooka.

Ila DNA ile ilikuwa tupu, imetolewa katika seli na kuvuliwa protini zake. Mwaka uliofuata kundi hilohilo lilipima G4 kwenye kromatini, yaani DNA ikiwa bado imezungukwa na protini zake, na kupata takriban 10,000 tu. Nyingi zilikuwa katika sehemu zilizo wazi karibu na mianzo ya jeni zinazotumika. Kushuka kutoka 700,000 hadi 10,000 si kosa la hesabu. Kunaonyesha kwamba seli yenyewe ndiyo huamua ni wapi mkunjo uruhusiwe, na hutofautiana seli kwa seli: ya ngozi haina ramani sawa na ya damu.

Kwa upande wa i-motifu, ramani ya 2024 ya Garvan ilitaja mahali zaidi ya 50,000. Idadi hiyo isomwe pamoja na mashaka yaliyoelezwa hapo juu.

Kazi na madhara

Mfano maarufu ni jeni ya MYC, inayochochea ukuaji wa seli na ambayo hutumika kupita kiasi katika saratani nyingi. Mbele ya jeni hiyo kuna eneo fupi lenye guanini nyingi linaloongoza asilimia 80 hadi 90 ya usomaji wake. Mwaka 2002 kundi la Laurence Hurley huko Arizona lilionyesha kwamba eneo hilo hujikunja kuwa G4, na kwamba kuikaza kwa kemikali kulipunguza usomaji wa MYC. Picha iliyopatikana ilikuwa rahisi: G4 ni kufuli. Utafiti wa baadaye umeivuruga picha hiyo, kwani G4 nyingi za kwenye kromatini ziko mbele ya jeni zinazosomwa kwa wingi, si zilizofungwa. Huenda mkunjo huzuia mahali pamoja na kusaidia mahali pengine, kwa mfano kwa kuacha uzi wa pili wazi au kwa kuwa kituo ambacho protini huja kutua.

Wakati wa kunakili DNA, G4 ni kikwazo dhahiri. Mashine ya kunakili hupita juu ya uzi mmoja, na ikikutana na mnara wa guanini husimama. Kwa hiyo seli zina vimeng'enya vya kukunjua vinavyoitwa helikesi. Minyoo midogo aina ya Caenorhabditis elegans isiyo na helikesi iitwayo DOG-1 hupoteza vipande vya jenomu yake hasa pale penye guanini zilizofuatana, ushahidi wa kijenetiki ambao hauhitaji kingamwili wala hadubini. Kwa binadamu helikesi inayofanana nayo ni FANCJ, na kasoro zake huleta upungufu wa damu wa Fanconi. Helikesi nyingine mbili zinazokunjua G4 katika maabara ni BLM na WRN. Asiye na BLM hupata sindromu ya Bloom, yenye umbo dogo la mwili na saratani za mapema. Asiye na WRN hupata sindromu ya Werner, ambayo humzeesha mtu akiwa bado kijana. Haimaanishi kwamba magonjwa hayo yanatokana na G4 peke yake, maana helikesi hizo zina kazi nyingi.

Ugonjwa mwingine unaohusishwa na mikunjo hii ni ule wa kudhoofika kwa neva za misuli uitwao ALS, pamoja na aina moja ya kupoteza akili inayoanzia sehemu ya mbele ya ubongo. Mwaka 2011 iligunduliwa kwamba katika familia nyingi chanzo ni mfuatano GGGGCC ndani ya jeni C9orf72. Watu wengi wana marudio machache, chini ya 30. Wagonjwa wanaweza kuwa na mamia au maelfu. Mfuatano huo, katika DNA na RNA pia, hujikunja kuwa G4, ingawa haijakubalika ni kwa kiasi gani mkunjo wenyewe, badala ya RNA na protini mbovu zinazozalishwa, ndio unaoua neva.

Majaribio ya dawa

Wazo la msingi ni kwamba seli ya saratani, inayogawanyika haraka na mara nyingi ikiwa na kasoro katika ukarabati wa DNA, itashindwa kuvumilia G4 zilizokazwa, ilhali seli ya kawaida itavumilia. Quarfloxin ilikuwa ya kwanza kufika kwa wagonjwa, lakini haikuendelea mbali. CX-5461, inayoitwa pia pidnarulex, ilibuniwa kwa lengo jingine kabisa, la kuzuia kimeng'enya kinachotengeneza RNA ya ribosomu. Mwaka 2017 iliripotiwa kwamba huikaza G4 na kuua seli zenye kasoro za BRCA1 na BRCA2, zile jeni ambazo mabadiliko yake huongeza hatari ya saratani ya matiti na ya ovari. Matokeo ya jaribio la awali lililofanywa Kanada yalichapishwa mwaka 2022. Baadhi ya wagonjwa walipata nafuu, lakini dawa iliwafanya wadhurike na mwanga wa jua, na hilo ndilo lililoweka kikomo cha dozi. Wapo pia wanaosema kwamba dawa hiyo huua zaidi kwa kuvuruga kimeng'enya cha topoisomerasi II kuliko kwa G4. Hadi sasa hakuna dawa ya saratani inayouzwa kwa msingi wa kuikaza G4, na mgonjwa anayesikia kinyume chake mtaani au mtandaoni anapaswa kumwuliza daktari wake.

Ugumu mkubwa ni uteuzi. Kemikali inayopenda mraba bapa wa guanini hupenda karibu kila mraba, na jenomu ina maelfu yake.

Miundo mingine isiyo ya kawaida

Mbali na nyuzi nne, DNA ina maumbo mengine yasiyo B-DNA. Kwa jumla inakadiriwa kwamba asilimia 13 hivi ya jenomu ya binadamu ina mifuatano inayoweza kuchukua umbo mojawapo. Z-DNA, iliyoonekana kwenye fuwele na kundi la Alexander Rich mwaka 1979, husokotwa kuelekea kushoto, na uti wake huenda kwa mshazari wa kwenda na kurudi. Protini za kinga kama ADAR1 na ZBP1 zina sehemu maalumu za kuitambua. H-DNA ina nyuzi tatu; marudio ya GAA yanayosababisha ataksia ya Friedreich yanaweza kujikunja hivyo na kuzuia jeni isisomwe. Umbo la msalaba hutokea pale ambapo mfuatano unasomeka sawa pande zote mbili. Misalaba ya aina hiyo kwenye kromosomu ya 11 na ya 22 inaeleza kwa nini kromosomu hizo mbili hubadilishana vipande mara kwa mara kuliko inavyotarajiwa.

G4 katika vimelea

G4 si mali ya binadamu tu. Bakteria wa kisonono hutumia G4 moja kubadilisha protini za vijinyuzi vyake vya nje, na hivyo kuikwepa kinga ya mwili. Plasmodium falciparum, kimelea cha malaria kali kinachoenea Afrika, kina jenomu yenye A na T kwa asilimia 80 hivi, hivyo nafasi za G4 ni chache mno. Chache hizo ziko kwenye telomeri na, nje ya telomeri, nyingi zake zimejikusanya mbele ya kundi la jeni za var. Jeni hizo hutengeneza protini ambayo chembe nyekundu ya damu iliyoambukizwa huitumia kujibandika kwenye kuta za mishipa, na kimelea hubadilisha jeni inayotumika kila kinga inapoanza kuitambua. Kama G4 hizo ndizo zinazosaidia mabadiliko hayo ni suala linalochunguzwa, pamoja na uwezekano wa kuzilenga kwa kemikali zilizobuniwa awali kwa ajili ya saratani.